Moshi wa alfajiri Dar unatoka wapi? Uzi wa wenye pumu, wenye watoto na wanaochoma taka asubuhi

#1 MwanaTabata
Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite, mwenye kahawa akae.

Mwanangu wa pili ana pumu. Mwezi uliopita alfajiri kaniamsha anahema kama kakimbizwa na mbwa, nikampa dawa yake ya kupuliza, nikamkalisha sebuleni afu nikafungua dirisha apate hewa. Aisee hapo ndo nilikosea, kilichoingia sio hewa ni moshi. Jirani yangu mzee mstaafu, muungwana kabisa, akitoka msikitini anashika fagio, anafagia uwanja wake vizuri, anakusanya majani ya mwembe, na juu ya yale majani zinapandishwa pampasi za wajukuu, chupa za maji, mifuko ya unga, mafuta ya taa kidogo, kiberiti. Na majani yenyewe yana umande kwahiyo hayawaki, yanafuka tu. Ule moshi mweupe haupandi juu, unatambaa chini chini kama unatafuta nyumba ya kuingia.

Nikaanza kufuatilia. Nikaagiza kidude cha kupima hewa, vile vidogo vinavyotumia leza kuhesabu chembe. Namba zake siziandiki hapa maana vidude vya bei rahisi kwenye unyevu wa pwani vinadanganya, hata ukungu kinauhesabu kama moshi. Ila ukikiangalia wiki tatu mfululizo unaona kinavyocheza. Alfajiri mpaka kama saa mbili kipo juu. Saa nane mchana upepo wa baharini ukishaingia kinashuka kabisa. Saa moja jioni mtaa mzima umewasha mkaa, kinapanda tena. Na kilichonishangaza ni kwamba Jumapili alfajiri, hakuna foleni, hakuna kiwanda kinachofanya kazi karibu, hakuna lori, bado kinapanda vilevile!

Yani miaka yote mi nalaumu viwanda na malori kumbe nusu ya kesi ipo uani kwetu. Karibuni tujadili, na matusi tuyaache nyumbani.

#2 BahariIpo
Mkuu unatutisha bure, Dar tuna bahari bana, upepo unapiga mwaka mzima, moshi unaenda zake Bagamoyo huko. Sisi sio Ulaya.

#3 MwanaTabata
BahariIpo, upepo upo ndio, ila haupo saa zote. Waulize wavuvi wa Kunduchi watakwambia usiku pwani inabadilika, ule upepo wa baharini unakufa, unakuja upepo wa kutoka nchi kavu nao unavuma kivivu. Afu usiku usio na mawingu ardhi inapoa haraka kuliko hewa ya juu, kwahiyo hewa baridi inalala chini na ya moto inaifunika kwa juu, kama mfuniko wa sufuria. Chochote utakachochoma saa hiyo kinabaki humo humo chini, urefu wa ghorofa chache tu. Jua likishapiga mpaka saa tatu saa nne ndo mfuniko unavunjika. Miezi ya kipupwe Juni mpaka Agosti ndo mbaya zaidi, usiku ni baridi na mvua ya kuosha hewa hakuna.

Na usiseme sisi sio Ulaya, mfuniko ni uleule uliowaua London. Desemba 1952, tarehe 5 mpaka 9, baridi kali, kila nyumba inachoma makaa ya mawe na upepo umekufa. Mwanzo walihesabu vifo kama 4,000, waliorudia hesabu baadaye wakafika mpaka 12,000. Siku tano hizo mkuu. Ndo wakatunga sheria ya hewa safi 1956, na kitu cha kwanza walichobana pamoja na viwanda ni nini? Majiko ya majumbani.

#4 HelaKwanza
Nyie mnatafuta hewa safi mi natafuta hela safi. Tukutane 2050 😂

#5 FundiWaGerezani
Nimesoma yote. Mi fundi magari mwaka wa 19 huu, naomba nitetee na kushitaki kwa pamoja.

Mwaka 2015 Januari nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliingia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi 50 kwenye milioni, huko nyuma ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Petroli yenye madini ya risasi nayo tuliachana nayo kufikia 2006. Kwahiyo mafuta yamesafika, hilo lisemwe. Shida ipo kwa magari yenyewe na sisi mafundi tunachangia. Gari linatoka Japan na masega yake kwenye ekzosi. Kazi ya masega ni kuugeuza moshi wenye sumu kabla haujatoka nje, na ndani yake kuna madini ya bei mbaya, platinamu, paladiamu na rodiamu. Sasa wanunuzi wanapita gereji na mizani, mteja anaambiwa kaka hii imeziba inakula mafuta tukutolee, anatolewa, analipwa cha juu, anaondoka anafurahi gari jepesi. Kuanzia siku hiyo hilo gari ni jiko linalotembea.

Dizeli za kisasa zina chujio la masizi. Lile chujio linajisafisha kwa joto, na joto lake linapatikana gari likikimbia muda mrefu. Sasa we umetoka Mbezi unaenda Posta masaa mawili kwenye foleni, gia ya kwanza ya pili, joto litoke wapi? Linaziba, taa inawaka kwenye dashibodi, mteja anakuja na hasira, "toa hiyo takataka". Tunatoa. Sijivunii ila nikikataa mimi anavuka barabara anatolewa na mwingine.

Ukiona moshi mweusi kwenye Fuso au daladala sio lazima injini imekufa, mara nyingi ni nozeli na chujio la hewa ambalo halijaguswa tangu kampeni za uchaguzi. Kazi ya asubuhi moja tu hiyo.

#6 MwanaTabata
Fundi umesema ukweli mpaka nimekaa vizuri kwenye kiti. Swali, wanaposimamisha magari barabarani kwanini wanapima taa, tairi na stika ila sijawahi kuona mtu anaingiza kipimo kwenye ekzosi? Kanuni za viwango vya hewa tunazo tangu 2007, chini ya ile sheria ya mazingira ya 2004, na moshi wa magari umo.

#7 FundiWaGerezani
Siku wakianza kupima ekzosi mkuu utanikuta natafuta masega mitumba kwa bei ya figo.

#8 MamaLisheTemeke
Samahanini kaka zangu naona mnaongea magari tu. Mi napika kwa mkaa miaka 11. Kila mtu ananiambia hamia gesi hamia gesi, sawa, wanangu, nani hapendi gesi? Mkaa nanunua ndoo moja asubuhi kwa hela niliyopata jana. Mtungi wa gesi unataka hela yote kwa mkupuo, na ukiishia katikati maharage hayajaiva wateja wa saa sita wanakuja kula nini, wanile mimi? Mkaa ukipungua namuita kijana wa dukani anakuja na kopo.

Macho yangu lakini jamani. Jioni yanawasha kama nimetiwa pilipili. Na kikohozi cha asubuhi nilikuwa najua ni baridi.

#9 MwanaTabata
Mama shikamoo. Hujatukosea kitu, umetunyoosha. Unachoeleza ndo ukweli wa jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, watu hawapendi moshi, wanapenda kununua kidogo kidogo kwa hela iliyopo. Ndo maana ile mitungi yenye mita, unalipia kwa simu hata buku unapika, naona inaeleweka zaidi kuliko kugawiwa mtungi bure kwenye mkutano afu ukiisha unageuka stuli. Mkakati wa nishati safi wa 2024 unataka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mi sina ugomvi na lengo ila mtu aliyeliandika inabidi akae siku moja kwenye banda lako.

Kwenye maharage nikupe siri ya mke wangu, sufuria ya umeme ya presha. Maharage ya familia hayamalizi uniti moja, na hukai unapepea. Kwa mauzo kama yako sufuria moja haitoshi, ila maharage tu yakitoka kwenye mkaa ushaokoa masaa ya moshi.

Na la muhimu kuliko yote, jiko la mkaa lisilale ndani na watu hata kama limebaki makaa mekundu bila moshi. Hapo ndo hatari zaidi, ile kaboni monoksaidi haina harufu wala haiwashi macho, unasinzia tu mara moja.

#10 MamaLisheTemeke
Marahaba. Hiyo sufuria bei gani na inapatikana wapi

#11 HelaKwanza
Ngoja niulize kitu cha maana sasa maana mama kanigusa. Hivi huo moshi unafanya nini ndani? Si tunakohoa unatoka?

#12 DaktariMwanagenzi
Nipo mwaka wa nne udaktari, nijibu kwa lugha ya mtaani. Vumbi la barabarani lile unaloliona kwenye viatu, kubwa kubwa lile, pua na koo vinalikamata, unalitema. Shida ni zile chembe zisizozidi mikromita 2.5, unywele wako una kama mikromita 70, piga hesabu. Hizo hazikohoki. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu pale hewa inapobadilishana na damu, na nyingine zilizo ndogo zaidi zinavuka kabisa. Ndo maana moshi hauishii kwenye kifua, unakuja kwenye moyo, kiharusi, watoto wanazaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo kama milioni 7 kwa mwaka, ukijumlisha moshi wa nje na wa jikoni. Na mwaka 2021 walikaza kiwango cha hizo chembe ndogo, wastani wa mwaka mikrogramu 5 tu kwa mita ya ujazo, zamani ilikuwa 10.

Kuna mtoto wa London aliitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki 2013 ana miaka 9 kwa pumu, nyumba yao ipo karibu na barabara kubwa. Mwaka 2020 uchunguzi wa kisheria wa kifo ukaandika hewa chafu kuwa moja ya vilivyomuua. Kwetu cheti kitaandikwa pumu au nimonia basi, moshi hauandikwi kokote. MwanaTabata pole kwa mtoto, ila hiyo dawa ya kupuliza ya kutuliza ikitumika kila siku mrudishe kliniki, kuna ya kuzuia.

#13 MwanaTabata
Tumesharudi daktari, kapewa ya kuzuia, anaendelea vizuri. Na barakoa je?

#14 DaktariMwanagenzi
Za kitambaa na zile za bluu hazizuii moshi mwembamba, zinakupa moyo tu. Zinazofanya kazi ni za aina ya N95 na zikae zikibana uso. Kwa mtoto ni ngumu. Bora ufunge dirisha alfajiri ufungue saa nne. Na mazoezi ya kukimbia saa kumi na mbili asubuhi pembeni ya Mandela Road watu waache, mnavuta kwa mapafu yaliyofunguka kabisa.

#15 KaokaBeijing
Nimecheka "mnavuta kwa mapafu yaliyofunguka" maana nimevuta. Nilikuwa nasoma Beijing, Januari 2013 nilikuwepo. Wakuu mi nilitoka nje ya hosteli sioni jengo la maktaba, na ni mkabala! Mdomoni ladha kama umelamba sarafu. Wachina walikuwa wanatazama hewa kwenye simu kama sisi tunavyotazama matokeo ya mpira.

Mwaka huohuo serikali ikatoa mpango. Maboila ya makaa ya mawe yakang'olewa yakawekwa ya gesi, viwanda vikahamishwa, magari ya zamani yakanunuliwa yakasagwa, na muhimu hawakuibana Beijing peke yake, walizibana na Tianjin na Hebei zinazoizunguka kwasababu moshi haujui mpaka wa mkoa. Wastani wa mwaka ulikuwa karibu 90 mwaka 2013, 2021 ukafika 33. Hiyo bado ilikuwa zaidi ya mara sita ya kile kiwango cha Shirika la Afya ila anga linaonekana. Kuna vijiji walinyang'anywa makaa kabla bomba la gesi halijafika wakakaa na baridi, hilo nalo lisemwe.

#16 BahariIpo
Sasa sisi tuige lipi? Mi naona dawa ni namba za magari, leo witiri kesho shufwa, foleni inaisha moshi unaisha.

#17 MwanaTabata
Mkuu Mexico City walianza hiyo 1989, kila gari linalala siku moja kwa wiki kutokana na namba. Matajiri wakanunua gari la pili lenye namba nyingine, na la pili hilo likawa mkweche wa bei rahisi. Delhi nako mabasi yote yaliingizwa kwenye gesi kufikia 2002 kwa amri ya Mahakama ya Juu kabisa ya India, hewa ikapata nafuu, afu magari binafsi na pikipiki zikaongezeka na mashamba ya jirani yanachomwa kila msimu, wakarudi palepale na zaidi. Kwahiyo kitu kimoja hakitoshi.

London wao wanakutoza pauni 12.50 kwa siku gari lako likiwa chafu, na tangu Agosti 2023 ni jiji zima. Ila pale mtu akiacha gari ana treni. Kwetu mwendokasi ulianza 2016, ukiona foleni ya watu Kimara asubuhi unaelewa kwanini mtu anakopa anunue Vitz. Nani atamwambia aliache?

Bajaji na teksi za gesi mi nazikubali, gesi yenyewe ni ya kwetu ya Songo Songo na Mtwara, ila dereva akae masaa kwenye foleni ya kujaza? Vituo viongezwe.

#18 JirroWaEastlands
Niaje watu wa Bongo. Nairobi hapa tunawasoma. Sisi bahari hatuna na tuko juu mita kama 1,700, hewa nyepesi kwa hivyo injini mbovu inachoma vibaya zaidi, matatu ikipanda mlima inatoa wingu. Lakini yetu kubwa ni Dandora. Hilo jaa lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na hadi leo lori zinaingia. Usiku linawaka lenyewe, hatuoni nani amewasha. Nguo ukianika unaanua ikinuka plastiki imeungua.

#19 MwanaTabata
Jirro hapo umenirudisha utotoni, na hapa ndo nilitaka tufike.

Haliwaki lenyewe ndugu yangu, taka zikioza chini bila hewa zinatengeneza methani, ikipata cheche inawaka chini kwa chini, unazima hapa inatokea pale. Nayajua maana mi nimekulia Tabata wakati dampo la jiji lipo Tabata. Nzi, harufu, moshi usiku na mchana, mama anafunika maji kwa khanga mbili. Wazee wetu wakaenda Mahakama Kuu 1988 wakalishitaki jiji, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, mpaka 1991 Jaji Lugakingira akagoma, akasema Katiba ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na huwezi kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuhatarisha watu. Watu wa kawaida tu wa mtaani hao, sio wanaharakati wa hotelini.

Sasa dampo likaenda wapi? Kunduchi Mtongani. Wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, 1991 hiyohiyo, nao wakashinda. Likaenda Vingunguti. Likaenda Mtoni. Sasa lipo Pugu Kinyamwezi. Yani miaka zaidi ya thelathini jiji linahamisha moshi kutoka kwa wanaolalamika kwenda kwa wasiolalamika bado. Na mi niliyefurahi kuondokewa na dampo leo dampo limenifuata kwa jirani, dogo dogo, kila alfajiri, kila uwanja.

#20 JirroWaEastlands
Hiyo ya korti ni moto. Kule Mombasa, Owino Uhuru, pia waliishtaki serikali na kiwanda cha kuyeyusha betri kwa sababu ya sumu ya risasi, 2020 korti ikawapa bilioni 1.3 za Kenya. Lakini kesi na kulipwa ni vitu viwili.

#21 MwanafunziKampala
Naongezea tu kwamba vipimo vinaweza kutengenezwa hukuhuku. Makerere wana mradi unaitwa AirQo tangu 2015, wanatengeneza vipimo vinavyovumilia vumbi na umeme wa kukatika, vingine wamevifunga kwenye bodaboda, na Kampala vimejaa. Mtu anaingia kwenye simu anaona mtaa wake. Bila namba mkienda kwa mkurugenzi atawaambia leteni ushahidi.

#22 HelaKwanza
MwanaTabata ulimwambia mzee au umetuandikia sisi tu?

#23 MwanaTabata
😅 Nilijua mtu atauliza. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri, mtu amekuzidi miaka 30 unamwambiaje usichome taka zako kwenye uwanja wako. Nikaenda baada ya Isha, nikamwamkia, tukaongea mpira, tukaongea bei ya sukari, afu nikamwambia mzee mjukuu wako kule kwangu anabanwa kifua alfajiri. Sikutaja moshi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, ni ule moto wangu? Nikamwambia tunahisi mzee.

Mzee wala hakukasirika. Kesho yake kachimba shimo nyuma ya choo, majani yanaingia humo, anasema ataotesha mapapai. Chupa anampa yule kijana anayeokota za kuuza. Zimebaki pampasi. Hizo hazifai shimoni, hazifai motoni, na sio za kutupa mtaroni kama wanavyofanya wengine mvua zikifika zinatutembelea sebuleni. Mwenye jibu la pampasi anisaidie.

#24 MamaLisheTemeke
Si mnaweka kwenye kiroba mnasubiri gari la taka? Kwenu linapita siku gani

#25 MwanaTabata
Jumanne, mama. Hela ya taka tumeshalipa. Jumanne ya tatu leo hatujaliona, viroba vinne vya mzee vipo getini na naona mbwa wameshaanza kuvifungua.